Silabi na Mkazo katika Vitenzi vya Kihispania: Mipaka ya Kanuni ya Silabi ya Pili Kutoka Mwisho

Ikisiri

Mara nyingi hudaiwa kuwa mkazo wa Kihispania hufanana na ule wa Kiswahili kwa sababu katika lugha zote mbili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Makala hii inachunguza dai hilo kwa kutumia vitenzi, kategoria ambayo mkazo wake hubeba maana ya nafsi, njeo na dhamira. Inaonyeshwa kuwa dai hilo linatosha kueleza sehemu kubwa ya maumbo ya kitenzi cha kawaida, lakini linashindwa pale ambapo mkazo ndio unaotofautisha maana. Hoja kuu ni kwamba katika Kiswahili silabi hugawanywa kwanza, kisha mkazo ukahesabiwa kutoka mwisho; ilhali katika kitenzi cha Kihispania mofolojia huteua kwanza irabu yenye mkazo, na mgawanyo wa irabu katika silabi hufuata uteuzi huo. Tofauti hiyo ya mpangilio ndiyo chanzo cha makosa mengi ya msemaji wa Kiswahili anayejifunza Kihispania.

1.0 Utangulizi

Maumbo hablo na habló ya Kihispania yana konsonanti zilezile na irabu zilezile, kwa mfuatano uleule. La kwanza lina maana ya 'ninazungumza' na la pili 'alizungumza'. Kinachoyatofautisha ni mahali pa mkazo: HA-blo na ha-BLÓ. Ili kuleta tofauti hiyohiyo, Kiswahili hubadilisha viambishi viwili, yaani ni- na -na- kuwa a- na -li-. Kazi inayofanywa na viambishi hivyo viwili katika Kiswahili hufanywa na mkazo peke yake katika jozi hii ya Kihispania. Msomaji anayekosea mkazo katika Kiswahili husikika kama mgeni. Anayekosea mkazo katika kitenzi cha Kihispania husema jambo jingine.

Kiswahili hakikosi kabisa jozi za namna hiyo. Vitabu vya isimu hutaja barabara (ba-ra-BA-ra, 'njia kuu') na barabara (ba-RA-ba-ra, 'sawasawa'), pamoja na walakini (wa-la-KI-ni, 'kasoro') na walakini (wa-LA-ki-ni, 'lakini'). Hata hivyo, jozi hizo ni chache na hazihusu mfumo wa unyambuaji na uambishaji wa vitenzi. Katika vitenzi, kanuni ya silabi ya pili kutoka mwisho hutawala: PI-ga, pi-GI-a, pi-gi-A-na, pi-gi-a-NE-ni. Kila silabi inapoongezwa mwishoni, mkazo husogea nayo. Mkazo wa Kiswahili kwa hiyo ni alama ya mpaka wa neno: humjulisha msikilizaji kwamba imesalia silabi moja neno liishe.

Kwa kuwa maneno mengi ya Kihispania yanayoishia kwa irabu nayo huwa na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, ni rahisi kuhitimisha kwamba mifumo hii miwili ni mmoja. Hitimisho hilo lina ukweli nusu. Makala hii inapima nusu hiyo kwa kuchunguza mgawanyo wa silabi (sehemu ya 2.0), mahali pa mkazo (sehemu ya 3.0), na vitenzi vinavyoambatanishwa na viwakilishi (sehemu ya 4.0), kabla ya kujadili athari zake katika ufundishaji na isimu linganishi. Katika mifano, kistari hutenganisha silabi na herufi kubwa huonyesha silabi yenye mkazo. Alama juu ya irabu, kama á, ni sehemu ya tahajia ya Kihispania yenyewe.

2.0 Mgawanyo wa Silabi

Suala la silabi lina historia ndefu katika sarufi ya Kihispania. Antonio de Nebrija, aliyechapisha sarufi ya Kikastilia mwaka 1492, alitenga kitabu cha pili cha kazi hiyo kwa ajili ya arudhi na silabi. Kanuni za tahajia zinazotumika leo ni zile za Ortografía de la lengua española ya mwaka 2010, iliyotolewa na Real Academia Española pamoja na akademia wenza za nchi nyingine zinazotumia lugha hiyo.

2.1 Konsonanti

Konsonanti moja iliyo kati ya irabu mbili huungana na irabu inayoifuata: to-mar 'kuchukua', ca-mi-nar 'kutembea'. Hapa Kiswahili na Kihispania haviachani. Herufi mbili zinazowakilisha sauti moja, yaani ch, ll na rr, hazitenganishwi: es-cu-char 'kusikiliza', lla-mar 'kuita', co-rrer 'kukimbia'. Jambo hili nalo si geni kwa msomaji wa Kiswahili, ambaye hatenganishi ch, sh wala dh.

Tofauti huanza pale konsonanti mbili zinapokutana. Ikiwa ya pili ni l au r, na ya kwanza ni p, b, c, g au f, zote mbili huanza silabi inayofuata. T na d hufanya hivyo zikifuatwa na r: ha-blar 'kuzungumza', a-brir 'kufungua', lo-grar 'kufanikiwa', su-frir 'kuteseka'. Michanganyiko mingine hukatwa katikati: sal-tar 'kuruka', per-der 'kupoteza', es-cri-bir 'kuandika'. Zikiwa tatu na mbili za mwisho ni mwambatano wa aina iliyotajwa, mwambatano huo hubaki pamoja: com-prar 'kununua', en-con-trar 'kukuta'. Zikiwa nne, hukatwa mbili kwa mbili: trans-cri-bir 'kunakili', cons-tru-yo 'ninajenga'.

Ugumu mkubwa kwa msemaji wa Kiswahili umo katika nazali. Katika Kiswahili, nazali inayotangulia konsonanti ndani ya neno huanza silabi pamoja nayo: te-nda, ka-mba, ke-nge. Nazali pia inaweza kuwa silabi peke yake, kama katika m-to na n-chi. Kihispania hakina lolote kati ya hayo mawili. Nazali hufunga silabi iliyotangulia: ven-do 'ninauza', cam-bia 'anabadilisha', ven-go 'ninakuja'. Mwanafunzi anayeandika *ve-ndo hajakosea kwa kubahatisha. Ametumia kanuni halali ya te-nda mahali isipohusika. Kosa hilo haliathiri mkazo, kwa kuwa idadi ya silabi haibadiliki, lakini huonekana wazi pale neno linapokatwa mwishoni mwa mstari.

2.2 Irabu

Kihispania kina irabu tano, kama Kiswahili. Irabu a, e na o hutajwa kuwa za wazi, na i na u kuwa funge. Katika makala hii, irabu unganifu ni irabu zinazokaa katika silabi moja; irabu tenganifu ni irabu zinazofuatana lakini kila moja ikawa na silabi yake. Katika tahajia ya Kihispania, mgawanyo huongozwa na kanuni nne:

(a) Irabu mbili za wazi hutengana: le-er 'kusoma', ca-er 'kuanguka', pa-se-ar 'kutembeatembea'.

(b) Irabu ya wazi na irabu funge isiyo na mkazo huungana, hata kama mkazo uko juu ya ile ya wazi: cam-biar 'kubadilisha', bai-lar 'kucheza ngoma', can-táis 'mnaimba'.

(c) Irabu mbili funge zilizo tofauti huungana: cons-truir 'kujenga', cui-dar 'kutunza'.

(d) Irabu funge yenye mkazo hutengana na irabu ya wazi iliyo jirani nayo, na hapo alama ya mkazo huandikwa daima: co-MÍ-a 'alikuwa akila', re-ÍR 'kucheka', o-ÍR 'kusikia'.

Herufi h, ambayo haitamkwi, haizuii irabu kuungana. Ndiyo maana kitenzi prohibir 'kukataza' huhesabiwa kitahajia kuwa na silabi mbili, prohi-BIR, ilhali prohíbo 'ninakataza' kina silabi tatu, pro-HÍ-bo. Mzizi ni uleule na herufi za mzizi ni zilezile. Kilichobadilika ni mahali pa mkazo: ulipohamia kwenye i, irabu hiyo ilijitenga na o na kupata silabi yake.

Mfano huu unaonyesha kiini cha mjadala. Kanuni (b) na (d) haziwezi kutumika kabla ya kujua mkazo uko wapi. Katika Kiswahili hali ni kinyume: kila irabu ina silabi yake, awe msemaji ameikazia au la, kama katika u-a, ki-u na cha-ku-a. Idadi ya silabi hujulikana kwanza, na mkazo hupatikana kwa kuhesabu.

Haifai hata hivyo kudhani kwamba irabu unganifu ni jambo ambalo msemaji wa Kiswahili hajawahi kukutana nalo. Kiswahili hugeuza irabu kuwa kiyeyusho mbele ya irabu nyingine: mu-ana huwa mwana, ku-enda huwa kwenda, vi-ema huwa vyema. Tofauti ni ya kimaandishi. Kiswahili huandika kiyeyusho kwa w na y, na hivyo msomaji huona moja kwa moja kwamba mwa- ni silabi moja. Kihispania, kinapokuwa na kiyeyusho baada ya konsonanti, huendelea kuandika u na i. Umbo cambia likiandikwa kwa mazoea ya Kiswahili lingekuwa kambya, na hakuna msomaji ambaye angelipa silabi tatu.

2.3 Vitenzi vinavyoishia kwa -iar na -uar

Kundi hili ndilo linalopima kwa ukali zaidi uhusiano wa silabi na mkazo. Vitenzi cambiar 'kubadilisha' na enviar 'kutuma' vina umbo la kitenzi-jina linalofanana, kila kimoja kikiwa na silabi mbili. Katika nafsi ya kwanza umoja, wakati uliopo, vinaachana: CAM-bio 'ninabadilisha', lakini en-VÍ-o 'ninatuma'. Limpiar 'kusafisha' na estudiar 'kusoma, kujifunza' hufuata cambiar. Confiar 'kuamini', guiar 'kuongoza' na variar 'kubadilikabadilika' hufuata enviar.

Hakuna sauti yoyote katika kitenzi-jina inayotabiri kundi. Nomino au kivumishi chenye mzizi uleule husaidia wakati mwingine, kwa mfano cambio na envío, ambazo pia ni nomino. Lakini msaada huo hauaminiki: kivumishi amplio 'pana' hutamkwa AM-plio, ilhali kitenzi ampliar 'kupanua' hutoa amplío, am-PLÍ-o. Taarifa hii inabidi ihifadhiwe pamoja na kitenzi chenyewe katika leksimu, kama vile ngeli ya nomino ngeni inavyopaswa kujulikana pamoja na nomino hiyo.

Vitenzi vya -uar vina utaratibu zaidi. Vile vya -guar huweka u kama kiyeyusho: averiguar 'kuchunguza' hutoa a-ve-RI-guo. Vingi vya vingine huipa u mkazo na silabi yake: actuar 'kutenda' hutoa ac-TÚ-o, na continuar 'kuendelea' hutoa con-ti-NÚ-o. Kitenzi hiki cha mwisho kinatoa seti ya maumbo matatu yenye herufi zilezile: continuo (con-TI-nuo, kivumishi 'endelevu'), continúo (con-ti-NÚ-o, 'ninaendelea') na continuó (con-ti-NUÓ, 'aliendelea'). La kwanza na la tatu yana silabi tatu. La pili lina nne. Anayegawanya silabi kwanza bila kujali mkazo atapata silabi zilezile katika maumbo yote matatu, na atakuwa amekosea angalau mara moja.

3.0 Mahali pa Mkazo

3.1 Kanuni ya tahajia

Tahajia ya Kihispania ina kanuni inayomwezesha msomaji kutambua mkazo wa kila neno lililoandikwa. Neno linaloishia kwa irabu, n au s, lisipokuwa na alama, huwa na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho: CAN-to, CAN-tas, CAN-tan. Neno linaloishia kwa konsonanti nyingine, lisipokuwa na alama, huwa na mkazo katika silabi ya mwisho: can-TAR, co-MER. Lolote linalokiuka mojawapo ya kauli hizi huandikwa kwa alama ya mkazo. Zaidi ya hayo, alama huandikwa juu ya irabu funge iliyotenganishwa kwa kanuni (d).

Uteuzi wa n na s una sababu ya kimofolojia. Konsonanti hizo mbili ndizo viambishi vya nafsi katika vitenzi, -s ikiwa ya nafsi ya pili na -n ya nafsi ya tatu wingi, na -s ni kiambishi cha wingi katika nomino. Kuongezwa kwake hakuhamishi mkazo: canta, cantas, cantan. Hivyo kanuni inayoonekana kuwa ya kihesabu tayari ina mofolojia ndani yake.

3.2 Upimaji wa kanuni ya silabi ya pili kutoka mwisho

Kitenzi cantar 'kuimba' ni cha kawaida kabisa na kinafaa kuwa kipimo. Yafuatayo ni maumbo yake sahili 42, yaani nafsi sita katika njeo na dhamira saba. Dhamira tegemezi inakaribiana na ile ya Kiswahili inayoishia kwa -e, kama katika aimbe.

Wakati uliopo: CAN-to, CAN-tas, CAN-ta, can-TA-mos, can-TÁIS, CAN-tan.

Uliopita usiotimilika: can-TA-ba, can-TA-bas, can-TA-ba, can-TÁ-ba-mos, can-TA-bais, can-TA-ban.

Uliopita timilifu: can-TÉ, can-TAS-te, can-TÓ, can-TA-mos, can-TAS-teis, can-TA-ron.

Wakati ujao: can-ta-RÉ, can-ta-RÁS, can-ta-RÁ, can-ta-RE-mos, can-ta-RÉIS, can-ta-RÁN.

Masharti: can-ta-RÍ-a, can-ta-RÍ-as, can-ta-RÍ-a, can-ta-RÍ-a-mos, can-ta-RÍ-ais, can-ta-RÍ-an.

Tegemezi, wakati uliopo: CAN-te, CAN-tes, CAN-te, can-TE-mos, can-TÉIS, CAN-ten.

Tegemezi, wakati uliopita: can-TA-ra, can-TA-ras, can-TA-ra, can-TÁ-ra-mos, can-TA-rais, can-TA-ran.

Hesabu ya maumbo haya inatoa matokeo yafuatayo: 30 yana mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, 9 katika silabi ya mwisho, na 3 katika silabi ya tatu kutoka mwisho. Msemaji wa Kiswahili anayetumia kanuni ya lugha yake atapatia maumbo 30 kati ya 42. Kiwango hicho kinatosha kumshawishi kwamba kanuni yake ni sahihi, na hapo ndipo penye hatari. Maumbo 12 yaliyobaki hayakutawanyika ovyo. Miongoni mwake yamo yale ambayo mkazo peke yake huyatenga na maumbo mengine: canté 'niliimba' dhidi ya cante 'aimbe', cantó 'aliimba' dhidi ya canto 'ninaimba', cantará 'ataimba' dhidi ya cantara, umbo tegemezi la wakati uliopita, cantarás na cantarán dhidi ya cantaras na cantaran. Kanuni ya Kiswahili inafanya kazi pasipo na hatari na inaanguka penye hatari.

3.3 Kanuni tatu za kimofolojia

Maumbo yote 42 hueleweka bila kubakiza hata moja iwapo hesabu haitaanza mwishoni mwa neno bali kwenye mpaka wa mzizi. Mzizi wa cantar ni cant-. Kanuni ni tatu:

Kwanza, katika njeo na dhamira za wakati uliopita, mkazo hukaa juu ya irabu ya kwanza baada ya mzizi: cant-Á-bamos, cant-É, cant-Ó, cant-A-ron, cant-Á-ramos.

Pili, katika wakati ujao na masharti, mkazo hukaa juu ya irabu ya kwanza baada ya r inayofuata shina: cantar-É, cantar-E-mos, cantar-Í-amos.

Tatu, katika wakati uliopo, wa kawaida na wa tegemezi, mkazo hukaa juu ya irabu ya mwisho ya mzizi katika nafsi zote za umoja na nafsi ya tatu wingi. Katika nafsi ya kwanza na ya pili wingi hukaa juu ya irabu ya kwanza baada ya mzizi: C-A-nto, cant-A-mos, cant-ÁIS.

Kanuni ya tatu inahusu mizizi mirefu pia. Terminar 'kumaliza' hutoa ter-MI-no 'ninamaliza', kwa kuwa i ndiyo irabu ya mwisho ya mzizi termin-. Nomino término 'mwisho, istilahi' ina mkazo TÉR-mi-no, na terminó 'alimaliza' ni ter-mi-NÓ. Nomino zina uhuru ambao kitenzi hakina. Hakuna umbo la kitenzi la wakati uliopo lenye mkazo wa aina ya *TÉR-mi-no, isipokuwa pale kiwakilishi kinapoambatanishwa.

Kuna kundi dogo la vitenzi vinavyotumika sana ambalo halifuati kanuni ya kwanza katika uliopita timilifu: decir 'kusema' hutoa DI-je 'nilisema' na DI-jo 'alisema'; tener 'kuwa na' hutoa TU-ve na TU-vo; hacer 'kufanya' hutoa HI-ce na HI-zo. Mkazo uko juu ya mzizi na alama haiandikwi. Mzizi wenyewe umebadilika, na badiliko hilo hutosha kuonyesha njeo. Mkazo haukuhitajika kufanya kazi ambayo tayari imefanywa.

3.4 Chimbuko la mpangilio huu

Historia inaeleza kwa nini mkazo umefungamana na mofimu. Katika Kilatini, mkazo uliangukia silabi ya pili kutoka mwisho ikiwa nzito, la sivyo ile ya tatu. Kilikuwa mfumo wa kuhesabu, kama ulivyo wa Kiswahili, ingawa kwa masharti ya uzito. Sauti za mwisho zilipodondoka au kuungana, mkazo ulibaki ulipokuwa. Cantavit ikafupika hadi cantó, na irabu iliyokuwa karibu na mwisho ikawa ya mwisho. Vivyo hivyo, cantáis ilikuwa cantades katika Kihispania cha zama za kati, yenye mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. D ilipopotea, silabi mbili zikawa moja.

Wakati ujao ulitokana na kitenzi-jina kufuatwa na kitenzi kisaidizi chenye maana ya 'kuwa na', na mkazo wa cantaré ni mkazo wa kisaidizi hicho. Katika maandishi ya kale, kiwakilishi kiliweza kuwekwa kati ya sehemu hizo mbili, jambo linaloonyesha kuwa zilikuwa bado maneno tofauti.

Badiliko moja halikutokana na sauti. Kilatini kilikazia cantabamus katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania husema cantábamos. Mkazo ulirudi nyuma ili ulingane na cantaba, cantabas na cantaban. Wasemaji waliacha hesabu na kuchagua ulinganifu wa jedwali la nafsi.

Alama nyingine ya historia inaonekana katika mizizi inayobadilika irabu. Volver 'kurudi' hutoa VUEL-vo lakini vol-VE-mos. Perder 'kupoteza' hutoa PIER-do lakini per-DE-mos. Irabu fupi o na e za Kilatini zilipasuka kuwa ue na ie zilipokuwa na mkazo, na zilibaki zilivyo zisipokuwa nao. Mwanafunzi anayeijua kanuni ya tatu ya mkazo anajua tayari ni katika nafsi zipi mzizi utabadilika.

4.0 Viwakilishi Vinavyoambatanishwa

Kihispania huambatanisha viwakilishi mwishoni mwa kitenzi cha kuamuru, kitenzi-jina na umbo endelezi. Hapa tofauti na Kiswahili huwa bayana kuliko mahali pengine popote. Amri compra 'nunua' ni COM-pra. Kwa kuongeza kiwakilishi hupatikana cómpralo, CÓM-pra-lo 'kinunue', na kwa viwili cómpramelo, CÓM-pra-me-lo 'kininunulie'. Mkazo umefika silabi ya nne kutoka mwisho bila kuhama hata hatua moja. Kiswahili hufanya kinyume: nu-NU-a, ni-nu-nu-LI-e, ni-nu-nu-li-E-ni. Katika Kiswahili silabi zinazoongezwa huvuta mkazo. Katika Kihispania hukaa nje ya eneo la mkazo.

Alama iliyoandikwa katika cómpralo inaweza kumpotosha msomaji akadhani mkazo umehama. Alama imezuka kwa sababu kanuni ya tahajia huhesabu kutoka mwisho wa neno lililoandikwa, na neno hilo limerefuka. Kinyume chake pia hutokea. Nchini Argentina na Uruguay, miongoni mwa nyingine, wasemaji wanaotumia kiwakilishi vos huamuru kwa comprá, com-PRÁ. Kikiongezwa kiwakilishi hupatikana comprame, com-PRA-me, bila alama, kwa kuwa mkazo uleule sasa uko katika silabi ya pili kutoka mwisho. Amri za cómprame na comprame zote ni Kihispania sahihi. Alama ndiyo inayomwambia msomaji mzungumzaji anatumia mfumo upi. Hapo awali tahajia ilihifadhi alama ya kitenzi hata kilipoongezewa kiwakilishi, kama katika déme 'nipe'. Tangu mwaka 1999 maumbo hayo hufuata kanuni ya jumla, na huandikwa deme.

5.0 Athari kwa Ufundishaji na Isimu Linganishi

Utaratibu uliozoeleka wa kumwagiza mwanafunzi "gawanya silabi, kisha tafuta mkazo" unafaa kwa Kiswahili na unafaa pia kwa anayesoma maandishi ya Kihispania, kwa sababu alama zimekwisha kuwekwa. Haumfai anayeandika au kuzungumza. Kwake yeye mpangilio unaofaa ni huu: atambue mzizi, atambue njeo na nafsi, aweke mkazo kwa mojawapo ya kanuni tatu, agawanye silabi, na mwisho aamue kama alama inahitajika. Kwa comíamos 'tulikuwa tukila', mzizi ni com-, njeo ni ya uliopita, mkazo huangukia í, irabu hiyo hutengana na a, silabi huwa co-MÍ-a-mos, na alama huandikwa.

Inafaa pia kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: silabi na ukataji wa neno mwishoni mwa mstari. Leer lina silabi mbili, lakini tahajia hairuhusu irabu zinazofuatana zikatwe na kistari cha mwisho wa mstari. Vilevile, silabi ya tahajia si lazima ilingane na ya matamshi. Maumbo kama guie 'niliongoza' na crie 'nililea' hutamkwa na baadhi ya wasemaji, wakiwemo wengi wa Hispania, kwa silabi mbili, na na wengine, hasa Mexico na Amerika ya Kati, kwa silabi moja. Kwa ajili ya uandishi, Ortografía ya 2010 inayahesabu maumbo ya uliopita timilifu guie na crie, 'niliongoza' na 'nililea', kuwa na silabi moja, na hivyo yasiandikwe kwa alama. Maneno ya silabi moja kwa kawaida hayana alama, isipokuwa machache yanayotofautishwa na maneno mengine, kama dé 'atoe' dhidi ya de 'ya, kutoka'.

Kwa isimu ya Kiswahili, ulinganishi huu una faida nyingine. Kauli kwamba mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho imezoeleka kiasi cha kuonekana haihitaji maelezo. Kihispania kinaonyesha kuwa lugha inaweza kufikia silabi hiyohiyo kwa njia tofauti kabisa. Ca-MI-na 'anatembea' na a-na-te-MBE-a havitofautiani katika silabi iliyokaziwa. Vinatofautiana katika kinachoiteua. Kwa hiyo takwimu za mahali pa mkazo peke yake hazitoshi kuainisha lugha. Kipimo bora ni kuongeza kiambishi mwishoni na kuangalia kama mkazo utahama.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kufanana kwa mkazo wa Kiswahili na wa Kihispania ni kufanana kwa matokeo, si kwa kanuni. Katika maumbo 42 ya cantar, kanuni ya Kiswahili inapatia 30 na kukosea 12, na kati ya hayo 12 yamo yale ambayo kosa hubadilisha nafsi, njeo au dhamira. Kanuni tatu zinazohesabu kutoka kwenye mzizi hueleza maumbo yote, na pia huamua mahali ambapo irabu za -ía, -úo na -ío zitatengana. Kilichobaki nje ya kanuni, yaani tofauti ya cambio na envío, ni suala la leksimu na linapaswa kufundishwa hivyo. Mwanafunzi anayejua Kiswahili tayari anajua kusikia silabi ya pili kutoka mwisho na tayari anatamka viyeyusho vya mwana na vyema. Anachohitaji kujifunza upya ni mahali pa kuanzia kuhesabu.